Leso, merekani na mabaki ya fundi: jinsi ya kupamba chumba na bajeti ndogo

Nlipohamia chumba cha juu huku Mkomani, mtaa wa zamani wa mji wa Lamu, nlikuwa nmebakiwa na shilingi 3,500 za kupambia, basi. Chumba chenyewe kina madirisha mawili, uwazi wa mlango wa kuingilia ndani hauna ubao wala pazia, kitanda alonipa khala yangu, na kuta zile za mawe ya zamani na zidaka vyake (vile vishubaka vya ukutani) vitupu. Nkapita madukani kuuliza pazia za tayari nkarudi nyumbani nmechoka moyo. Usiku nkafungua sanduku, na ndani mlikuwa na leso (khanga) pea nne nlizotuzwa harusini, hazijakatwa hata moja, zimekaa miaka zanuka karafuu tu. Nkajiambia hivi mimi natafuta nini dukani?

Tangu hapo nmeshonea vyumba vingi, changu na vya ndugu zangu na vya wapangaji, na wasichana wananiuliza wanaanzia wapi, wengi wao washanunua kitambaa tayari afu ndo waja kuuliza, na hapo pesa ishapotea. Kwa hivyo ntaeleza kwa utaratibu vile nnavyofanya mimi. Kwanza unapima, afu unafua, afu unakata, kununua ni mwisho kabisa ukishajua kimekosekana nini. Na kitu kimoja nakiamini kabisa, kitambaa rahisi kilopigwa pindo lililonyooka na pasi kinapendeza kuliko kitambaa ghali kiloshonwa ovyo. Wageni hawaoni bei, waona mshono.

Kupima

Chukua futi, daftari na kalamu, usikisie kwa shubiri. Andika urefu na upana wa kila dirisha, mlango, godoro, kidaka, kila kitu, na uandike na chumba chenyewe. Nyumba zetu za zamani Lamu vyumba ni virefu lakini vyembamba, sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haiwezi kupita kiasi fulani cha urefu, ndo maana vyumba vingi upana wake hauzidi kama mita tatu hivi. Hii ina maana yake kwenye kupamba. Pazia nzito yenye mikunjo mingi ikitokeza sentimita 20 kila upande inakula chumba. Na ukiweka rangi nne tano tofauti kwenye chumba chembamba macho yanachoka. Mimi nachagua rangi mbili za leso na nyeupe, basi, nyeupe inatoka kwenye kuta na kwenye merekani, kile kitambaa cha pamba ntakachoeleza mbele.

Kuta nazo, kama zina madoa usikimbilie rangi ya mafuta ile ya kung'ara. Mawe ya matumbawe yanavuta unyevu na yanautoa, ukiyaziba kwa rangi ya mafuta maji yanabaki ndani na baada ya masika moja rangi inabambuka vipande vipande. Paka chokaa. Ni rahisi, inapumua, na chumba kinakuwa na mwangaza ambao hata leso ya zamani ikiwekwa hapo inaonekana mpya. Fanya hii kabla hujatundika kitu chochote, manake chokaa ikidondokea kitambaa cha rangi unaweza kupoteza ile rangi.

Kufua kabla ya kukata, tafadhali

Hapa ndo watu wengi wanaumia na mimi nliumia pia. Pazia zangu za kwanza za merekani nlizikata sawasawa na dirisha, nkazishona vizuri mno, zikakaa mwezi, nkazifua, zikapanda zikawa juu ya kizingiti cha dirisha. Pamba hurudi, na merekani hurudi zaidi sababu haijafuliwa wala kutiwa dawa kiwandani. Sasa nikinunua nalowesha usiku kucha kwenye maji, asubuhi nafua kwa sabuni kidogo, naanika, napiga pasi kikiwa bado kina unyevunyevu, ndo nakata. Na ukinunua ongeza nusu mita kwa kila mita tano, ili kikirudi usikwame.

(Merekani kwa wasojua ni kile kitambaa cheupe cha kahawiakahawia cha pamba tupu. Jina lake latokana na Marekani kweli, karne ya 19 meli za Wamarekani zilikuwa zaleta kitambaa kile mwambao wetu, nyingi zikitokea Salem kule Massachusetts, baadaye viwanda vya India vikachukua soko lakini jina likabaki. Mpaka leo kwa pazia na foronya za ndani sijaona kitambaa rahisi kinachokishinda.)

Leso mpya zifue peke yake kila moja, maji baridi, mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi ndo za kuogopa. Ukitaka kujua kama rangi yatoka, lowesha kona moja uifinye kwenye kitambaa cheupe, kama kitambaa kimepata rangi basi hiyo leso usiiunganishe na merekani mpaka uifue tena na tena. Na wanga wa dukani ukitoka ndo utajua leso yako ni nzito au nyepesi, nyingine ikifuliwa mara moja unaona mpaka mkono kwa upande wa pili, hiyo haifai dirisha la kulala, itie kwenye matakia.

Pazia za dirisha: pea moja, madirisha mawili

Leso ina pindo la kuchapwa kuzunguka, katikati ina mji, na jina (ule msemo wake) limeandikwa chini juu ya pindo la ule upande mrefu. Kwa saizi ni kama sentimita 150 kwa 110, zipo zinazozidi kidogo, pima yako. Zile pande ndefu mbili kitambaa kimefungwa na kiwanda hakitatanuki, zile fupi ndo zimekatwa na ndo unazopiga pindo. Kumbuka hilo manake linakupunguzia kazi nusu.

Sasa dirisha langu ni sentimita 80 kwa 95. Leso ukiitundika imelala, yaani jina liko chini lasomeka, unapata upana 150 na urefu 110. Piga pindo la sentimita moja na nusu kila upande mfupi, unabakiwa na 147, ambayo kwa dirisha la 80 ni karibu mara mbili, na mara mbili ndo mikunjo inayopendeza (mara moja na nusu pia yatosha kama leso ni nzito). Juu kunja sentimita moja, afu kunja tena tano, shona hapo chini ya mkunjo, umepata njia ya kupitisha fimbo. Chini usishone chochote, ukingo wa kiwanda uko tayari. Umemaliza, urefu ulobaki ni 104, inashuka chini ya dirisha kidogo tu kama inavyotakiwa. Kwa hivyo leso moja dirisha moja, pea madirisha mawili, na mistari ilonyooka mitatu kwa kila pazia. Hata msichana wa darasa la sita aweza kuishona kwa mkono kwa mchana mmoja.

Kukata ile pea usitumie macho. Kata kijitundu kidogo pale katikati ya leso mbili, shika uzi mmoja uuvute polepole, kitambaa kitafanya alama ya mstari, fuata hiyo alama na mkasi. Leso nyingi zimechapwa zimepinda kidogo, yaani uzi waenda njia moja na maua yaenda njia nyingine. Ikiwa ni hivyo fuata maua, manake jina likipinda dirishani kila mtu ataliona, uzi ukipinda hakuna ajuaye.

Pazia ya mlango

Hii ndo wanaoshindwa nayo wengi kwa sababu mlango wataka karibu mita mbili na leso haifiki. Wengine wanaisimamisha leso, urefu unakuwa 150, lakini jina linasimama kama ngazi, mtu asome akiwa ameinamisha kichwa. Mimi sipendi. Mimi nailaza vilevile kama ya dirisha, na juu yake naunga merekani.

Hesabu yake kwa pazia ya sentimita 195: leso 110, toa moja na nusu ya mshono yabaki 108 na nusu. Merekani kata 95, toa moja na nusu ya mshono na sita za njia ya fimbo, yabaki 87 na nusu. Jumla 196, hiyo sentimita moja ilozidi ni yako ya kurekebisha. Kama upana wa merekani hautoshi 150 unga vipande viwili na uhakikishe mshono umekaa katikati kabisa, ukikaa pembeni utaonekana ni kiraka, katikati utaonekana umekusudia. Pale leso inapokutana na merekani tumia mshono wa mara mbili kama wa suruali ya jinzi, kwanza shona kawaida, afu punguza upande mmoja, kunja ule mwingine uufunike, ushone tena juu. Pazia ya mlango inavutwa na kila apitae, na watoto wanajifunga nayo, mshono mmoja hauvumilii.

Kuunga si aibu, hata leso yenyewe inasemwa ilianza hivyo, wanawake wa mwambao walikuwa wakinunua vile vitambaa vya mkono vya Wareno, sita kwa pamoja havijakatwa, wakavishona tatu kwa mbili wakajifunga, ndo likabaki jina la leso.

Na soma jina kabla hujatundika. Mlangoni kwangu nmeweka Mgeni njoo mwenyeji apone, inafaa, mtu akiingia anakaribishwa. Lakini nshaenda nyumba moja nkakuta sebuleni pazia imeandikwa Hasidi hana sababu na wakwe wamekaa chini yake wanakunywa kahawa, kila mtu anaangalia pembeni. Leso inasema, wewe wajua hivyo, na ukutani inasema mchana na usiku. Mafumbo yaweke kwenye matakia ya chumbani ambako ukikata jina halionekani.

Fimbo

Usinunue zile za chuma. Huku kwetu hewa ya bahari na chumvi, fimbo ya chuma ya bei rahisi miezi michache tu ishaanza kutu na kutu ikishika merekani haitoki. Tafuta fito za mkoko, kwa mtu anayekarabati nyumba hakosi vipande vilobaki, muombe, au mwanzi. Yenye unene kama sentimita mbili yatosha kwa njia ile ya sentimita tano. Menya gamba, sugua na msasa mpaka mkono upite bila kuchomwa, paka mafuta ya nazi kidogo uache siku mbili iyanywe kabla hujaivisha pazia ama utapata doa la mafuta.

Kutundika nako usianze kugonga misumari ukutani. Lipu ya chokaa inapasuka, msumari unatoka na kipande cha ukuta, na kama umepanga mwenye nyumba atakudai. Angalia kwanza, nyumba nyingi za zamani zina vigingi au ndoana za zamani, manake tangu hapo mabibi zetu walikuwa wakitundika pazia kati ya msana (ule ukumbi wa mbele) na chumba cha ndani. Ukikosa, funga kamba ya kumbi kwenye boriti ya dari uishushe mpaka pale unapotaka na fimbo ilale kwenye kitanzi. Inapendeza hata kuliko chuma, na ukihama unaondoka nayo.

Bila cherehani

Kama huna cherehani usijali. Piga bandi kwanza, mishono mirefu ya haraka na uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa, afu piga pasi, afu shona kwa mkono ule mshono wa kurudi nyuma, sindano inarudi nusu hatua kila unapoitoa. Ni polepole lakini haufumuki. Pazia mbili za dirisha mimi nlizimaliza kwa siku tatu baada ya isha.

Kama wataka fundi, basi mpelekee kazi ishapigwa bandi na pasi, imekunjwa tayari, mwambie yeye apitishe mstari tu, na mpatane bei kwa kila mstari au kila kipande kabla hajaanza. Bei ya kupitisha mistari na bei ya kupima na kukata na kushona ni vitu viwili mbali mbali. Na usiende Ramadhani kumi la mwisho wala karibu na Maulidi, mafundi wote wa Usita wa Mui (ile njia kuu ya mji) wako na kanzu na mabuibui mpaka magotini, kazi yako itakaa mwezi.

Lakini wakati huohuo ndo wa kwenda kuomba mabaki! Vipande vya kanzu nyeupe, hariri nyeusi ya buibui, vipande vya satini za watoto, fundi anavifagia anavitupa. Mpelekee gunia tupu asubuhi umwombe akutilie humo, jioni upite ulichukue, na ukimpelekea na chupa ya chai atakukumbuka mwaka mzima. Mimi vipande vya kanzu vyanifaa kuliko vyote, ni pamba nzuri imara, naunga naunga napata foronya, na migongo ya matakia yote ya chumba changu imetoka huko.

Kwa wenye cherehani, neno moja tu kuhusu sindano, sababu mashine nyingi zinasingiziwa ubovu na kosa ni sindano. Leso na merekani namba 14. Chandarua na vitu vyepesi 11. Ukishona tanga la jahazi au jinzi weka 16 au 18. Na sindano ilopinda au yenye kutu usiihurumie, itupe.

Matakia

Kava ya takia ya 45 kwa 45 isiyo na zipu, hii ndo ntakufundisha kwa sababu zipu ni pesa na huku zinaganda kwa chumvi. Kata mbele kipande kimoja cha 47 kwa 47. Nyuma vipande viwili, kila kimoja 47 kwa 32. Kila kipande cha nyuma piga pindo la sentimita tatu kwenye upande mmoja wa ule urefu wa 47, sasa kina upana 29. Laza kipande cha mbele uso juu, weka vile viwili vya nyuma juu yake uso chini, pindo zote zikutane katikati na zipandane, zitapandana kama sentimita 11, shona kuzunguka pande zote nne sentimita moja kutoka ukingoni, kata ncha za kona, geuza. Mto unaingilia pale zinapopandana na hautoki. Basi, hakuna kifungo wala zipu.

Leso moja yenye maua ya kujirudia inatoa kava mbili nzima, unapanga 47 na 32 na 32 kwenye ule urefu wa 150, safu mbili, na inabaki vipande vya pembeni ambavyo ni pindo, usivitupe ntakwambia vya nini. Kama mji wa leso yako ni ua moja kubwa katikati, basi kata mbele hapo kwenye ua, na migongo tumia yale mabaki ya kanzu.

Kujaza. Sufi ndo mfalme. Ukipata mwenye msufi shambani au sokoni wauza kwa kilo, nunua, itoe kokwa na vumbi, ianike juani ndani ya chandarua cha zamani kilichofuliwa au kikapu kilichofunikwa manake upepo ukija sufi yote inaruka kwa jirani. Lazima uishonee mfuko wake wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kikaze, merekani nzuri yafaa, ama itapenya. Sufi haifuliwi, inaanikwa tu, na takia ikishuka unaipiga piga juani inafura tena. Ukikosa sufi tumia nguo kuukuu za pamba zilizokatwa vipande vidogo sana, kama saizi ya kidole gumba, ukiacha vikubwa takia inakuwa na mabonge. Ni nzito lakini kwa matakia ya chini ya majlisi uzito ni mzuri, hayahami.

Kitu kimoja nakataza, chandarua cha dawa kilochakaa usikijazie mto wa kulalia. Ile dawa ni ya mbu, si ya kulala pua imebanana nayo.

Mitumba

Sokoni usitafute pazia, tafuta shiti kubwa za kitanda cha watu wawili, kitambaa ni kingi kwa bei ya nguo moja, na mara nyingi watu wanazipita kwa sababu ina doa pembeni au imechanika kona. Wewe unakata, doa halikuhusu. Nyanyua juu uangalie jua kupitia katikati yake, hapo ndo inapochakaa miili ilipolala, kama katikati ni utandabui chukua za pembeni tu au iache. Shika kwa vidole gumba viwili uvute kwa nguvu, ikilia tsss imeoza. Harufu ya ukungu iliyoingia ndani kabisa haitoki kirahisi, mimi siinunui hata kwa bure.

Kujua kama ni pamba au nailoni, chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu laini, nailoni na polista inayeyuka inafanya kidonge kigumu. Ya kulalia iwe pamba, joto letu la kaskazi walijua. Ya dirisha linalopigwa na jua la jioni mchanganyiko ni sawa, hata bora, rangi yake inavumilia jua kuliko leso.

Vile vipande vya pindo, na ukili, na ndara

Sasa yale mapindo ya leso yalobaki. Chandarua chako kama ni kifupi hakifiki kuchomekwa chini ya godoro, unga pindo la leso kuzunguka chini, mbu hapiti na kitanda kinakuwa kama cha bi harusi. Mishono iwe mirefu na uzi ulegee kidogo, ukikaza wavu unajikunja. Mapindo mengine ni kamba za kufungia pazia mchana, na tandiko za zidaka, kata upana sawa na kidaka na uache sentimita 10 zining'inie mbele, weka juu yake vikombe vya kahawa au kitezo, zidaka vinaamka.

Ukili nao, muulize mama yeyote anayesuka mikeka, vipande vifupi visofika mkeka anavyo. Uzungushe kuanzia katikati kama konokono ukishona kwa uzi mnene wa nailoni, unapata tandiko la sufuria, ukiongeza unapata mkeka mdogo wa mlangoni, ukizungushia kioo cha kawaida kisicho na fremu unapata fremu. Loweka kwenye maji nusu saa kabla hujashona ama unavunjika.

Tanga la zamani la jahazi pia, ukipata nahodha anayebadilisha tanga muombe kipande. Limepigwa na jua na chumvi mpaka limekuwa na rangi ambayo hakuna kiwanda chaweza kuitia, mimi nmelifanyia kava ya kiti cha kukunja na kikapu cha nguo chafu. Lifue mara tatu kwanza litoe chumvi.

Na ndara zilizotupwa ufuoni, ziko nyingi mno, hapa Lamu mwaka 2018 palizinduliwa jahazi zima lililotengenezwa kwa plastiki na ndara za kuokotwa, na kwa chumba chako ndara moja ni muhuri. Ioshe, ichore ua au nyota au umbo la kidaka, kata pembeni kwa wembe kwa uangalifu ubaki na umbo limeinuka. Paka rangi ya kitambaa kwa sponji, nyembamba tu, bonyeza kwenye merekani ilofuliwa na kupigwa pasi, inua wima usiburute. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bure. Usitumie rangi ya ukuta, inakauka kama ngozi na kupasuka. Ikishakauka siku nzima piga pasi ya moto upande wa nyuma dakika chache, rangi inashika haitoki ukifua. Foronya mbili na kitambaa cha meza nlivifanya hivyo, watu wanauliza nlinunua wapi.

Masika

Mwezi wa nne mvua zikianza kuta zinatoa jasho. Vuta kitanda na matakia yatoke ukutani angalau upana wa kiganja, na pazia za chini zisiguse ukuta wenye unyevu, ukungu unaanzia hapo vidoa vidoa vyeusi na ukishaingia kwenye uzi wa pamba unabaki. Siku yoyote jua likitoka hata kwa saa mbili pandisha matakia ya sufi juu kwenye paa. Leso zianike upande wa ndani ukiwa nje na ikiwezekana kivulini, jua la moja kwa moja linazipausha upesi. Na ukipanga pazia za zamu, pea moja dirishani na pea moja sandukuni na karafuu zake, kila moja inapumzika miezi mitatu, rangi zinadumu zaidi. Pea yangu ya kwanza bado ipo, wiki hii iko dirisha la upande wa bahari.